Baba alipoteza kiwanda, mama akapata mtumba: nani ana haki kuhusu utandawazi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nakuandikia kutoka Morogoro. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia katika kiwanda cha nguo kilichofungwa miaka ya 1990. Alilipwa nusu ya kiinua mgongo, nusu nyingine anaisubiri hadi leo. Mama akaingia kwenye mitumba, na kwa mitumba hiyo tukasoma wote wanne. Mimi sasa nauza vitenge, naviagiza China kwa simu. Kila Jumapili tukikutana, baba anasema utandawazi ndio uliotumaliza, mama anasema ndio uliotulea, kisha wote wawili wananigeukia mimi niamue kwa kuwa nimesomea biashara. Vitabu nilivyosoma vinasema una faida na hasara, halafu vinaorodhesha. Naomba usinipe orodha. Niambie mizani imeelemea wapi, na kwa nini.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenikataza orodha nami nimefurahi, maana mtu akikuorodheshea faida sita na hasara sita anakuwa amekwepa kujibu. Nitoe hukumu kwanza, kisha niitetee. Kwenye nguo, ambazo ndizo zilizowagawa wazazi wako, mizani imeelemea upande wa hasara. Hapo baba yako ana haki. Ila sababu anayoitoa sikubaliani nayo, na mama yako hadaiwi na mtu yeyote.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Watu huzungumzia utandawazi kama kitu kilichoingia miaka ya 1990 pamoja na soko huria na simu za mkononi. Mimi ni mtu wa Pangani. Bibi yangu kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa alikiita merikani, na wala hakujua kwamba anataja nchi. Mwaka 1833 Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa nchi hiyo akafika Unguja. Meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilileta vitambaa vilivyofumwa viwandani kwao, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, zikachongwa vibao vya kinanda. Pamba ya vitambaa vile ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na pembe zilizovilipia ziliteremshwa Bagamoyo na Pangani mabegani mwa watu, wengine wao wakiwa watumwa vilevile. Mwaka 1861 Wamarekani walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, merikani ikaadimika Unguja, na nafasi yake ikachukuliwa na nguo za Uingereza na Bombay. Vita vya huko vikabadilisha vazi la mtu wa Tabora. Kama huo si utandawazi, sijui tuuite nini.

Kabla ya merikani pwani hii ilikuwa inafuma. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alieleza nguo zilizofumwa pale na kupelekwa mpaka Misri. Kilwa wachimbuaji wa mambo ya kale wameokota vijiduara vya udongo vya kusokotea uzi. Bonde la Rufiji lilikuwa na wafumaji wake hata karne ya 19. Nguo ya kiwandani ilipojaa ufukoni kwa bei isiyoshindika, ufumaji ule ukafifia, kijiji baada ya kijiji, hata leo ukiuliza Mswahili wa kawaida kitanda cha mfumi, yaani mtambo wake wa kufumia, kinafananaje hawezi kukuchorea. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwetu kutoka kwenye kufuma na kubaki kwenye kununua. Baba yako aliishuhudia mara ya pili.

Na bado, mwanangu, watu hawa walionunua hawakukaa kimya. Wanawake wa Unguja na Mombasa walichukua leso, ambazo hata jina lake ni la Kireno, wakaziunga, wakadai nakshi zao, na baadaye wakadai maneno. Kanga ikapigwa chapa Uholanzi, Uingereza, Japani na India kwa kufuata amri ya mteja wa Kiswahili. Nguo yetu ya fahari kuliko zote, tunayofungia wari, tunayobebea watoto na kutumia kusema tusiyoweza kuyasema kwa mdomo, kwa miaka mingi haikutengenezwa kwetu. Nimelitaja hili kwa sababu baba yako akisema kila kitokacho nje kilikuja kutuua, kanga iliyo kiunoni mwa mama yako inamkatalia.

Kwa hiyo kipimo changu si kama bidhaa imetoka nje au ndani. Nauliza mambo mawili. Tumenunua nini, kwa bei gani? Na kontena likishaondoka, tumebaki tunajua kufanya nini? Swali la kwanza ndilo mama yako analolijibu kila Jumapili. La pili ni la baba yako. Wanabishana kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake.

Nianze na la mama, maana wasomi wengi wa rika langu wanamdharau mchuuzi wa mitumba, na dharau hiyo inaniuma. Mwaka 1983 bibi yangu yule alifariki. Tulihitaji sanda. Ili kupata mita chache za bafta, kaka yangu alikwenda na barua ya balozi wa nyumba kumi hadi duka la ushirika, akaambiwa arudi kesho. Maiti hamwezi kumwambia asubiri kesho. Tulizika kwa kitambaa alichotoa jirani, alichokuwa amejiwekea mwenyewe sandukuni kwa ajili ya siku yake. Hapo nchi yetu ilikuwa na viwanda vya nguo Dar es Salaam, Mwanza, Musoma, Arusha na huko kwenu, na ilikuwa inalima pamba. Sijawahi kusahau kwamba tulikosa pamba ya kuzikia mtu katika nchi ya pamba.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Vita vya Kagera vilikula fedha. Bei ya kahawa ilishuka baada ya 1977. Fedha za kigeni zikakauka, na kiwanda cha nguo bila fedha za kigeni hakipati vipuri, rangi wala dawa. Umeme na maji vikawa vya kubahatisha. Hayo yalitoka nje ya uwezo wetu. Lakini mengine yalikuwa yetu. Mwulize baba yako habari za kiwanda cha viatu cha Morogoro. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikapangiwa kutoa mamilioni ya jozi kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa Ulaya. Jengo lilikuwa na kuta za aluminiamu zisizopitisha hewa, kana kwamba Morogoro kuna theluji. Tangu kufunguliwa hadi kufungwa mwaka 1990 hakikuwahi kufikia hata asilimia 10 ya uwezo wake. Mitumba haikukiua kiwanda kile, wala Wachina hawakukiua. Kilizaliwa mgonjwa, na waliokipanga, wa ndani na wa nje, walikwenda zao bila kudaiwa.

Kwa hiyo bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na baadaye enzi ya Mzee Mwinyi milango ikafunguka zaidi, watu walipumua. Nguo zikaonekana. Tuliziita kafa Ulaya, tukiamini zimevuliwa maiti wa kizungu, na tulizivaa hivyohivyo. Koti langu la kwanza la kufundishia lilitoka kwenye lundo, na kwenye mfuko wake nilikuta tiketi ya treni ya mji nisioujua. Kwa mwanamke asiye na mtaji mkubwa, mtumba ulikuwa mlango ambao sera zetu zote za maendeleo hazikuwa zimemfungulia. Alinunua belo, akalifungua, akachambua, akajua kwa jicho shati la kuuza siku ya mshahara na shati la kumalizia jioni. Pale kwenye masoko ya Karume, Gikomba, Kongowea, Owino, kuna elimu ya biashara ambayo vyuo vyetu havina. Nyuma ya kila muuzaji kuna mbebaji, fundi wa kupunguza, mpiga pasi, mama ntilie. Ninyi wanne mlisoma. Hiyo ni faida halali, na yeyote atakayeupima utandawazi bila kuitia kwenye mizani anadanganya.

Sasa swali la baba.

Kuna jambo moja kuhusu mtumba ambalo watu hawalitafakari vya kutosha. Bei yake haina gharama ya kutengeneza. Yule aliyelivaa shati Ohio au Birmingham alikwisha kulilipia lote: pamba, uzi, mshono, duka. Kisha akalitoa bure. Bei unayolipa wewe ni ya kukusanya, kuchambua, kufunga belo, meli, ushuru na faida ya kila mkono. Nyingi hupitia maghala ya kuchambulia, kama yale ya Kandla kule Gujarat, ambako wanawake wa Kihindi huzigawa kwa madaraja kabla hazijaja kwetu. Hakuna kiwanda duniani, hata cha China, kinachoweza kuuza chini ya kitu ambacho kimetengenezwa kwa fedha za mtu mwingine. Baba yako angefanya kazi usiku na mchana, kwa mashine mpya na umeme usiokatika, bado shati lake lingeanzia kwenye bei ya pamba, na shati la mtumba linaanzia kwenye sifuri. Halafu juu ya mitumba zikaja nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia, nyingine zikipita bandarini kwa thamani iliyopunguzwa kwenye karatasi.

Baadhi ya wenzangu husema viwanda vyetu vilikufa kwa sababu ya ujamaa tu. Kenya haikuwa na Azimio la Arusha, lakini kiwanda kikubwa cha nguo cha Kisumu kilifungwa miaka hiyohiyo ya 1990, cha Eldoret kikaanguka hadi Chuo Kikuu cha Moi kikakichukua kukifufua. Ugonjwa wa ndani ulikuwapo, sikatai. Ila mgonjwa anahitaji muda wa kupona, na sisi tulimtoa wodini siku mvua inanyesha. Ushuru ulishushwa haraka, riba ya benki ikapaa, ruzuku zikaondolewa, bidhaa za nje zikaingia, vyote ndani ya miaka michache, kwa masharti ya wakopeshaji waliokuwa na haraka kuliko sisi. Hapo ndipo ninapoiona hasara yenyewe. Kufungua mlango hakukuwa kosa. Kwa hali ya 1983 tusingeweza kuendelea kuufunga. Tuliufungua upande wa kuingiza tu, na hatukuweka mtu wa kulinda kilichokuwa ndani ya nyumba, yaani ujuzi wa watu kama baba yako.

Nikueleze nchi nyingine iliyofungua mlango wakati uleule, uone tofauti. Mwaka 1979 Bangladesh ilikuwa maskini kama sisi, pengine zaidi. Haikuwa hata na pamba ya kutosha. Kampuni moja ya huko, Desh, iliingia ubia na Daewoo ya Korea Kusini, ambayo ilikuwa inatafuta pa kushonea kwa sababu nchi tajiri ziliwekea nguo za Korea viwango vya mwisho vya kuingizwa. Desh ilipeleka wafanyakazi 130 Korea kujifunza kushona, kupanga mistari ya kazi, kukagua ubora, kuandika oda. Walirudi. Miaka michache baadaye wengi wao walikuwa wameondoka Desh, wakaanzisha viwanda vyao au kuajiriwa kwa wengine, wakieneza walichojifunza. Serikali yao ikaruhusu kitambaa kiingie bila ushuru mradi nguo iliyoshonwa itoke, na benki zikakubali oda ya mnunuzi wa nje kama dhamana. Leo Bangladesh ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa nguo duniani. Watu 130 tu! Miaka hiyohiyo sisi tulikuwa na mafundi wengi kuliko hao, tayari wamefunzwa, wengine na Wachina waliotujengea kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo mwaka 1968, na tukawapeleka nyumbani kulima mchicha.

Sitaki nikupambie. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka liliwaporomokea washonaji, wakafa zaidi ya 1,100. Siku moja kabla nyufa zilikuwa zimeonekana, na wakaamriwa warudi kazini. Shati rahisi unaloliona kwenye duka la kisasa lina bei ambayo mtu fulani amelipa mahali. Bangladesh ilipata ujuzi na ajira, na wasichana wake walilipia kwa mapafu, kwa macho, na siku ile kwa uhai. Ndiyo maana sikubali anayetuambia tuige kila walichofanya.

Kuna na suala la nani anaandika kanuni. Mkulima wa Simiyu, mkoa unaoongoza kwa pamba nchini mwetu, anavuna akiwa amekwisha kupangiwa bei na soko la New York. Kwa miaka mingi Marekani iliwalipa wakulima wake wa pamba ruzuku kubwa kiasi cha kushusha bei ya dunia nzima. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilisimama katika Shirika la Biashara Duniani kulalamika. Brazil nayo ilifungua shauri lake rasmi, ikashinda, na mwaka 2014 ikakubali kulipwa dola milioni 300 ili kulimaliza. Brazil ilikuwa na mawakili, na ilikuwa na soko ambalo Marekani isingependa kuliudhi. Wale wanne wa Afrika walikuwa na haki ileile bila nguvu ile.

Na sisi tulijionea wenyewe. Mwezi Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili ifikapo 2019 iwe imekwisha. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikapeleka malalamiko kwa serikali yao, kikidai ajira 40,000 za Wamarekani zimo hatarini. Marekani ikatishia kutunyang'anya nafuu ya AGOA, ile sheria yao ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa zetu kuingia kwao bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma mapema, kwa kuwa ina maelfu ya washonaji Athi River wanaoitegemea. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikakataa, na mwishoni mwa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Fikiria hapo: nchi inaadhibiwa kwa sababu haitaki kununua nguo zilizovaliwa na wengine. Na Septemba 2025 muda wa AGOA yenyewe ulipofika mwisho, msichana wa cherehani pale Athi River akawa anasubiri wabunge wa Washington, watu asiowapigia kura, waamue kama ana kazi.

Hata hivyo ukinisikia nikisema kila ubia na wageni ni mtego, nitakuwa nimekupotosha. Nenda Arusha. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z kilianza kutengeneza vyandarua vyenye dawa ndani ya uzi, kwa teknolojia ya kampuni ya Japani ya Sumitomo Chemical, ambayo iliitoa bila kudai malipo ya hakimiliki. Maelfu ya watu waliajiriwa, wengi wanawake, na mamilioni ya watoto wa Afrika wamelala ndani ya vyandarua vile. Malighafi ilitoka nje, wanunuzi wakubwa walikuwa mashirika ya kimataifa, ujuzi ukabaki Arusha. Kwa kipimo changu hiyo ni faida tupu, na imetokana na utandawazi uleule uliomfukuza baba yako kazini. Tofauti ni kwamba pale kulikuwa na mnunuzi wa uhakika kwa miaka, ujuzi uliohamishwa kwa makubaliano, na bidhaa ambayo hakuna aliyekuwa anaileta ikiwa imeshatumika.

Sasa nifike kwenye kile kinachonikera kuliko vyote, nacho umekiandika kwa maneno machache katikati ya barua yako: nusu ya kiinua mgongo. Sisi wachumi tuna hoja tunayoipenda. Tunasema biashara huria huongeza pato la jumla, kwa hiyo waliofaidika wanaweza kuwafidia walioumia na bado wakabaki na ziada. Nimeifundisha hoja hiyo ubaoni kwa miaka mingi, na kwa hesabu ni sahihi. Tatizo liko kwenye "wanaweza". Nani alimfidia baba yako? Mamilioni ya Watanzania walipata nguo rahisi, wafanyabiashara wakajenga maghorofa, serikali ikakusanya ushuru wa marobota. Kutoka kwenye fungu hilo lote haikupatikana hata shilingi ya kumpeleka fundi wa mitambo chuoni akajifunze mitambo mipya, au kummalizia haki yake. Waliomfidia ni familia yake: mama yako, kwa faida ya belo. Wanauchumi tungekuwa waungwana tungeiandika hiyo kwenye vitabu vyetu, kwamba fidia ya ufunguaji wa soko katika nchi yetu ililipwa na wake wa walioachishwa kazi, sokoni, juani.

Kwa hiyo unaporudi Jumapili, usimwambie baba amekosea. Mwambie alipokea hasara ya nchi nzima akiwa peke yake, na kwamba viwanda vilikuwa vinaumwa kabla mtumba wa kwanza haujateremka. Hili la pili atalipinga; mvumilie, mtu hapendi kuambiwa nyumba aliyoitumikia ilikuwa na ufa.

Unaniuliza pia, ingawa hukuiandika, kama na wewe unashiriki kosa kwa kuagiza vitenge China. Hapana. Unalisha watoto. Lakini kwa kipimo kilekile nakuona uko mahali pagumu. Mtengenezaji wa Guangzhou ana nakshi, ana mashine, na sasa ana simu: anaweza kumwuzia mteja wako moja kwa moja bila kupitia kwako. Faida yako leo inatokana na kujua bei kabla ya wengine, na ujuzi wa aina hiyo hauna umri mrefu. Wenzako wa Kariakoo wameanza kuliona.

Nikupe mawazo ninayoyaamini. Tafuta nguo ambayo mtumba hauwezi kuileta. Ipo. Belo lina mashati mia, na hakuna mawili yanayofanana. Shule inataka mashati mia yanayofanana. Sare za wanafunzi, mavazi ya wauguzi, walinzi, mafundi wa viwandani, majoho ya kwaya: hapo mtumba hauna nguvu kabisa, na nguo ya Asia ina tabu kwa sababu kila shule ina rangi yake na oda ni ndogo, na mtoto akichana suruali mwezi wa pili anahitaji nyingine wiki hiyohiyo. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto shuleni wameongezeka sana. Anza na shule mbili. Chukua mafundi cherehani watatu wa mtaani kwenu, waliozoea kupunguza mitumba, uwafundishe kukata kwa kipimo kimoja. Kitambaa huenda ukakinunua kutoka nje mwanzoni, nami sitakulaumu. Bangladesh ilianza hivyohivyo. Muhimu mshono, ukataji, ukaguzi na daftari la oda vibaki Morogoro, mikononi mwa watu unaowajua kwa majina.

Serikali nayo ina sehemu yake, na hapa nasema kama raia anayelipa kodi. Pamba yetu zaidi ya nusu bado inaondoka ikiwa haijasokotwa. Sitaki mitumba ipigwe marufuku kesho. Wanawake wa aina ya mama yako watavunjika kabla kiwanda hata kimoja hakijawasha taa. Nataka ushuru wa mitumba upande polepole kwa ratiba inayojulikana miaka kumi mbele, na kila shilingi ya nyongeza iende kwenye mafunzo ya ushonaji na ufumaji na mikopo ya cherehani, wauza mitumba wakiwa wa kwanza kwenye foleni. Na sare za umma, kuanzia za askari hadi za wauguzi, zinunuliwe kwa washonaji wa ndani kwa mkataba wa miaka, siyo zabuni ya wiki mbili anayoshinda mwenye kontena tayari.

Umesema baba alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia. Mtu wa kazi hiyo akishika kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada anajua uzi ulisokotwa vizuri au umejazwa wanga ili uonekane mzito. Jumapili ijayo mpelekee vipande vitatu vya kitambaa cha sare kutoka kwa wauzaji watatu, usimtajie bei, umwombe akwambie kipi kitamaliza mwaka wa shule. Akishachagua, mpe mama yako akupangie bei ya kuuzia.